Dashibodi ya Kiwanda Isizimike: Kupanga Seva Zinazopokezana Kazi

Opereta wa zamu ya usiku anayetazama skrini ya boila huamini anachokiona. Skrini ikizima kabisa, atapiga simu. Ikiganda huku namba za dakika kumi zilizopita zikiendelea kung'aa, hatapiga, na hapo ndipo hatari ilipo. Kwa hiyo tunapopanga seva za akiba kwa ajili ya dashibodi tunataka mambo mawili: seva moja ikifa nyingine ishike kazi yenyewe, na data ikikoma kuingia, skrini iseme wazi kwamba imekoma.

Mwongozo huu unatumia programu huria ambazo kiwanda cha kawaida kinaweza kuzimudu: Grafana kwa skrini, PostgreSQL yenye TimescaleDB kwa vipimo, Telegraf ya kusoma PLC (kompyuta ndogo inayoendesha mitambo), Patroni na etcd za kusimamia hifadhidata, kisha HAProxy na keepalived za kuelekeza njia. Amri ni za Debian au Ubuntu. Nachukulia kwamba unaijua Linux kiasi cha kuhariri faili na kusoma kumbukumbu za mfumo kwa `journalctl`.

Tuweke mpaka mapema. Dashibodi hii inaonyesha, haiendeshi. Kufunga valvu, kusimamisha pampu na kitufe cha dharura ni kazi za PLC na nyaya zake, na zibaki huko. Kama maopereta wako wanaendesha mitambo kupitia skrini hii, unahitaji tathmini ya usalama ambayo mwongozo huu hauigusi.

Kwa nini mashine tatu

Watu wengi hununua seva mbili, wakaweka moja kuu na nyingine msaidizi, wakadhani kazi imekwisha. Chukua siku ambayo kebo kati ya hizo mbili imekatika lakini zote zinafanya kazi. Seva B haimsikii mwenzake A, inadhani amekufa, inajitangaza kuwa kuu. A haijui lolote, inaendelea kupokea data. Sasa una hifadhidata mbili zinazoandikwa kwa wakati mmoja, kila moja na historia yake, na hakuna njia rahisi ya kuzirudisha kuwa moja. Fahali wawili hawakai zizi moja, na hifadhidata ni zizi la namna hiyo.

Mashine mbili pekee haziwezi kutofautisha kati ya "mwenzangu amekufa" na "kebo imekatika". Dawa yake ni kura ya tatu. Ukiwa na mashine tatu zinazopiga kura, anayepata mbili ndiye mkuu, na aliyebaki peke yake hunyamaza. Ya tatu haihitaji nguvu. Ni shahidi tu. Kompyuta ndogo ya viwandani yenye diski ya SSD inatosha. Usitumie kadi ya SD: etcd huandika kwenye diski kabla ya kukubali kila badiliko, na kadi ikichelewa, kura zinachelewa na uongozi unaanza kuyumba bila sababu.

Ningekuwa na bajeti finyu, ningepunguza ukubwa wa seva B kabla ya kumtoa shahidi.

Hatua ya 1: Mashine, umeme na kebo

Katika mfano wetu:

- Seva A: 10.20.1.11
- Seva B: 10.20.1.12
- Shahidi: 10.20.1.13
- Anwani inayohama, ambayo watumiaji huifungua: 10.20.1.10

Seva A na B ziwe mashine mbili za kweli. Mashine pepe mbili ndani ya kompyuta moja hazikukingi na lolote pale pawa saplai ya kompyuta hiyo inapoungua. Kila moja iwe na UPS (betri ya akiba) yake, kwenye saketi breka tofauti. Ukiweza, A iwe kwenye chumba cha udhibiti na B kwenye jengo la ofisi, shahidi sehemu ya tatu. Swichi ya mtandao moja inayobeba zote tatu ni mlango mmoja wa kuangukia, kwa hiyo weka swichi mbili na uunganishe kadi mbili za mtandao katika kila seva kwa mtindo wa `active-backup`.

Saa za mashine zote zilingane. Sakinisha `chrony` na uzielekeze kwenye chanzo kimoja ndani ya kiwanda. Saa zikipishana, grafu zitaonyesha pengo au vipimo vya wakati ujao siku kazi itakapohama.

Hatua ya 2: etcd kwenye mashine zote tatu

etcd ndiyo sanduku la kura. Hutumia poti 2379 kwa wateja na 2380 kati ya wanachama. Ukimaliza kuisakinisha na kuwapa wanachama majina, hakikisha:

```
ETCDCTL_API=3 etcdctl --endpoints=10.20.1.11:2379 endpoint health --cluster
```

Mistari mitatu yote iseme ina afya. Usiendelee mbele kama ni miwili.

Hatua ya 3: Patroni juu ya PostgreSQL

Patroni huiwasha PostgreSQL, hunakili data kutoka kuu kwenda msaidizi, na huamua nani mkuu kwa kushika ufunguo mmoja ndani ya etcd. Mkuu huuhuisha ufunguo huo mara kwa mara. Akishindwa, hujishusha cheo mwenyewe. Ufunguo ukiisha muda, msaidizi huuchukua.

Kwanza zima huduma ya kawaida, vinginevyo itagombania poti 5432 na Patroni kila mashine inapowaka:

```
sudo systemctl disable --now postgresql
```

Kisha, kwenye seva A, faili `/etc/patroni/config.yml`:

```
scope: kiwanda
name: seva-a
restapi:
  listen: 10.20.1.11:8008
  connect_address: 10.20.1.11:8008
etcd3:
  hosts: 10.20.1.11:2379,10.20.1.12:2379,10.20.1.13:2379
bootstrap:
  dcs:
    ttl: 30
    loop_wait: 10
    retry_timeout: 10
    maximum_lag_on_failover: 1048576
    failsafe_mode: true
    postgresql:
      use_pg_rewind: true
      parameters:
        shared_preload_libraries: timescaledb
        wal_log_hints: "on"
        max_slot_wal_keep_size: 20GB
postgresql:
  listen: 0.0.0.0:5432
  connect_address: 10.20.1.11:5432
  data_dir: /var/lib/postgresql/16/kiwanda
  bin_dir: /usr/lib/postgresql/16/bin
  pg_hba:
    - local all all peer
    - host replication nakala 10.20.1.0/24 scram-sha-256
    - host all all 10.20.1.0/24 scram-sha-256
    - host all all 127.0.0.1/32 scram-sha-256
  authentication:
    replication:
      username: nakala
      password: WEKA_NENOSIRI
    superuser:
      username: postgres
      password: WEKA_NENOSIRI
```

Kwenye B badilisha jina na anwani tu. TimescaleDB iwe imesakinishwa kwenye zote mbili, toleo lile lile. Patroni hunakili data, hainakili vifurushi vya programu.

Mistari mitatu humo inastahili maelezo.

`max_slot_wal_keep_size` ni kinga ya diski. PostgreSQL ya msaidizi ikikwama wiki nzima huku Patroni yake ikiwa bado hai, mkuu humtunzia kumbukumbu zote za mabadiliko ambazo hajazipokea. Thamani ya kawaida haina kikomo, na siku moja diski ya mkuu inajaa kwa sababu ya msaidizi aliyesahaulika. Akiba ya usalama inakuwa ndiyo iliyoangusha mfumo. Weka kikomo kinacholingana na diski yako.

`maximum_lag_on_failover` inasema msaidizi aliyebaki nyuma zaidi ya baiti hizo, yaani MB 1, haruhusiwi kuwa mkuu. Kunakili hapa hakusubiriwi, kwa hiyo seva ikifa ghafla sekunde chache za mwisho zinaweza kupotea. Kwa dashibodi nakubali hasara hiyo. Ukilazimisha mkuu asubiri msaidizi kila anapoandika, msaidizi akizima mkuu naye anakwama, na umerudi pale pale.

`failsafe_mode` humruhusu mkuu aendelee hata etcd ikianguka, mradi anawafikia wenzake wote moja kwa moja.

Zingatia hili kuliko yote: sehemu ya `bootstrap` husomwa mara moja tu, wakati mfumo unapozaliwa. Ukiihariri sehemu hiyo baadaye na kuwasha upya, hakuna kitakachobadilika na utapoteza mchana mzima ukitafuta kosa. Mabadiliko ya baadaye hufanywa hivi:

```
patronictl -c /etc/patroni/config.yml edit-config
```

Washa Patroni kwenye A, subiri awe kiongozi, kisha washa B. Amri ya `patronictl list` ionyeshe mmoja `Leader` na mwingine `Replica` katika hali ya `streaming`.

Hatua ya 4: HAProxy, mlango wa hifadhidata

Grafana na Telegraf hazipaswi kujua mkuu ni nani leo. HAProxy huwaulizia. Iweke kwenye A na B, mipangilio ile ile:

```
listen hifadhidata
    bind *:5000
    mode tcp
    timeout client 30m
    timeout server 30m
    option httpchk GET /primary
    http-check expect status 200
    default-server inter 3s fall 3 rise 2 on-marked-down shutdown-sessions
    server seva-a 10.20.1.11:5432 check port 8008
    server seva-b 10.20.1.12:5432 check port 8008
```

Patroni hujibu 200 kwenye `/primary` pale tu alipo mkuu. Maneno `on-marked-down shutdown-sessions` usiyaache: bila hayo, miunganisho ya zamani hubaki imeshikamana na seva iliyokwisha kushushwa cheo, na Grafana itaendelea kusubiri jibu lisilokuja.

Hatua ya 5: Grafana mbili, moyo mmoja

Grafana ikisakinishwa tu huweka watumiaji na dashibodi zake ndani ya faili la SQLite kwenye seva yenyewe. Hilo halifai hapa. Zote mbili zitumie hifadhidata moja kupitia mlango tulioujenga. Kwenye `/etc/default/grafana-server` ongeza:

```
GF_DATABASE_TYPE=postgres
GF_DATABASE_HOST=127.0.0.1:5000
GF_DATABASE_NAME=grafana
GF_DATABASE_USER=grafana
GF_DATABASE_PASSWORD=WEKA_NENOSIRI
GF_SECURITY_SECRET_KEY=ufunguo_mmoja_kwa_zote_mbili
GF_SERVER_ROOT_URL=http://10.20.1.10:3000/
GF_UNIFIED_ALERTING_HA_LISTEN_ADDRESS=10.20.1.11:9094
GF_UNIFIED_ALERTING_HA_PEERS=10.20.1.11:9094,10.20.1.12:9094
```

Kwenye B, anwani ya `LISTEN` iwe yake. Ufunguo wa siri lazima ufanane, kwa sababu ndio unaofunga manenosiri ya vyanzo vya data ndani ya hifadhidata. Ukitofautiana, B itafungua dashibodi lakini haitaweza kusoma vipimo. Mistari miwili ya mwisho huziunganisha Grafana ili tahadhari moja isitumwe mara mbili. Fungua poti 9094 kwa TCP na UDP pia. Programu-jalizi zisakinishwe kote, na matoleo ya Grafana yafanane.

Faida nzuri ya hifadhidata ya pamoja: opereta aliyeingia kwa nenosiri lake kupitia A hatadaiwa kuingia upya kazi ikihamia B.

Hatua ya 6: keepalived na anwani inayohama

Hapa ndipo mifano mingi inayosambaa hukosea. Anza na faili la seva A, `/etc/keepalived/keepalived.conf`:

```
global_defs {
    enable_script_security
    script_user nobody
}
vrrp_script afya_grafana {
    script "/usr/bin/curl -sf -m 2 -o /dev/null http://127.0.0.1:3000/api/health"
    interval 3
    fall 3
    rise 5
    weight -30
}
vrrp_instance SKRINI {
    state BACKUP
    interface bond0
    virtual_router_id 57
    priority 150
    advert_int 1
    preempt_delay 300
    virtual_ipaddress {
        10.20.1.10/24
    }
    track_script {
        afya_grafana
    }
}
```

Kwenye B, `priority` iwe 140 na mstari wa `preempt_delay` uondolewe.

Angalia `weight -30`. Ukiiondoa, jaribio likishindwa keepalived huitangaza seva kuwa mbovu na kuiondolea anwani kabisa. Sasa kumbuka kwamba `/api/health` ya Grafana hujibu kosa pale hifadhidata isipofikika. Wakati Patroni anahamisha uongozi, kwa nusu dakika Grafana zote mbili zitashindwa jaribio kwa pamoja, na anwani ingetoweka kwenye mtandao wote. Kwa uzito wa -30, A inashuka hadi 120 na B hadi 110: A inabaki na anwani. Ikiharibika A peke yake, inashuka hadi 120 chini ya 140 ya B, na B inachukua. Hesabu hizi mbili ndizo zinazofanya mpangilio mzima usimame.

Utaona pia watu wakishauri `nopreempt` ili anwani isirukeruke. Ukiichanganya na uzito, B haitachukua anwani hata A ikishuka, kwa kuwa umeikataza kumpokonya mwenye cheo cha chini aliye hai. `preempt_delay` upande wa A pekee hutimiza kusudi: A ikirudi, husubiri dakika 5 kabla ya kudai anwani yake.

Namba ya `virtual_router_id` isigongane na ya ruta zozote zenye VRRP (itifaki ambayo keepalived huitumia kuhamisha anwani) kwenye mtandao huo, na fayawolu iruhusu itifaki namba 112.

Hatua ya 7: Mkusanyaji wa vipimo

Usiendeshe Telegraf mbili zinazosoma PLC ile ile kwa itifaki ya Modbus bila kufikiri. PLC nyingi hukubali miunganisho michache tu kwa wakati mmoja, na vipimo vitaingia mara mbili. Mimi napendelea Telegraf moja kwenye kompyuta ndogo karibu na PLC, ikituma kwa 10.20.1.10 poti 5000. Pembeni yake weka nyingine iliyokwisha kusanidiwa, imezimwa, tayari kubadilishwa.

Kinachokuokoa hapa ni bafa. Telegraf hushikilia vipimo 10,000 vilivyokosa pa kwenda, kwa kawaida. Ukikusanya 10 kwa sekunde, bafa inajaa baada ya dakika 16 na sekunde 40, kisha vya zamani vinatupwa. Ongeza:

```
metric_buffer_limit = 200000
```

Sasa una zaidi ya saa 5, muda wa kutosha kwa fundi kufika hata usiku. Bafa iko kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo ukiiwasha upya Telegraf kabla haijamaliza kutuma, umevitupa mwenyewe.

Kisha paneli ya "Umri wa data", juu kabisa ya kila dashibodi:

```
SELECT extract(epoch FROM now() - max(time)) FROM vipimo;
```

Kijani chini ya sekunde 15, nyekundu juu ya 30. Kama utafanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, fanya hili leo, hata kabla ya kununua seva ya pili.

Hatua ya 8: Ziue kwa mkono wako

Fanya majaribio wakati wa matengenezo ya mitambo, opereta akiwa mbele ya skrini na saa mkononi.

Simamisha Grafana kwenye A kwa `systemctl stop grafana-server`. Majaribio matatu ya sekunde 3 kila moja, kisha sekunde kama 3.5 za keepalived: skrini irudi kwa takriban sekunde 13.

Chomoa kebo zote za mtandao za A. Anwani ihamie B ndani ya sekunde 3 au 4. Kama A ndiyo ilikuwa na hifadhidata kuu, subiri sekunde 30 za `ttl`, yaani muda wa ufunguo ndani ya etcd, na chache za juu yake. Kwa jumla iwe chini ya dakika moja. Angalia kwenye kumbukumbu za A kwamba imejishusha cheo yenyewe. Hicho ndicho unachokijaribu hapa. Rudisha kebo na utazame Patroni akiirudisha A kama msaidizi.

Bonyeza kitufe cha umeme cha A hadi izime. Matokeo yafanane.

Ua PostgreSQL kwa `kill -9`. Hapa usishangae uongozi usipohama: Patroni hujaribu kwanza kuiwasha pale pale.

Zima shahidi. Pasitokee lolote. Lakini tahadhari ifike kwenye simu yako, kwa sababu kuanzia dakika hiyo huna kura ya ziada. Vivyo hivyo kwa msaidizi: weka tahadhari ya `replay_lag` kutoka `pg_stat_replication`, na nyingine inayolia msaidizi asipoonekana kabisa. Seva ya akiba iliyokufa kimya miezi mitatu iliyopita ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa kila mtu anaitegemea.

Mwisho itazame televisheni ya ukutani. Ikiwa kivinjari chake kilikuwa kinapakia ukurasa mzima sekunde ile kazi ilipokuwa inahama, kitaonyesha ukurasa wake wa kosa na kubaki hapo hadi mtu abonyeze. Kompyuta ya televisheni iwe na hati ndogo inayojaribu `/api/health` kila dakika na kupakia upya ukurasa seva inaporudi.

Mambo ya kila siku

Nakala ya PostgreSQL kwenye B haichukui nafasi ya chelezo. Mtu akifuta jedwali kwenye A, linafutika B papo hapo. Endesha pgBackRest, programu ya chelezo za PostgreSQL, kila usiku kwenda mahali pengine, na ujaribu kurejesha.

Ukitaka kuboresha mfumo wa seva A, usiizime tu. Hamisha kwanza uongozi kwa hiari:

```
patronictl -c /etc/patroni/config.yml switchover
```

Uhamisho wa hiari haupotezi data na huchukua sekunde chache. Fanya kazi yako, washa A, hakikisha imeshika `streaming` na lagi (kubaki nyuma) ni 0, ndipo ugeukie B. Grafana inapopandishwa toleo hubadilisha muundo wa hifadhidata yake inapowaka, kwa hiyo simamisha zote mbili, pandisha moja, ikiwaka vizuri pandisha ya pili. Hifadhidata kuu ikibaki B baada ya hapo, iache huko. Hakuna sababu ya kuirudisha A, ila badilisha jina kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pa kabati la seva, ili fundi wa usiku ajue ni mashine ipi asiiguse.